Besi mnaicheza, jina la mpiga besi hamlijui

Wasee, kila Man U wakicheza nyumbani, kutoka Makutano pale Meru hadi Majengo hapa Embu, kuna kumbi za video zimejaa hadi watu wanasimama mlangoni. Timu zikiwa zinatoka kuingia uwanjani, kuna wimbo unapigwa Old Trafford. Gitaa linaanza polepole, ngoma zinaingia, halafu kila kitu kinafunguka na uwanja mzima unasimama. Hiyo ngoma inaitwa "This Is the One". Ni ya The Stone Roses, bendi ya hukohuko Manchester, na iko kwa albamu yao ya kwanza ya 1989. Wengi wenu mmeisikia mara nyingi kuliko wimbo wa shule yenu. Aliyepiga besi humo alikuwa Gary Mounfield, ambaye dunia nzima ilimwita Mani, na yeye mwenyewe alikuwa Man U damu. Alikufa tarehe 20 Novemba 2025, siku nne baada ya kufikisha miaka 63.

Siku nne baada ya kifo chake Man U walikuwa nyumbani na Everton. Hiyo mechi najua mnaikumbuka, kwa sababu ndiyo ile Gueye alimzaba kofi Keane, mchezaji mwenzake, akala nyekundu dakika ya 13, na bado Everton wakiwa kumi wakashinda 1-0. Stori ya lile kofi ilitembea hapa mtaani wiki mbili. Mtu wa besi hakuna aliyemtaja.

Nikaweka video ya dakika mbili nikieleza Mani alikuwa nani. Majibu yalikuja kwa wingi, na karibu yote yaliuliza kitu kimoja: mzungu wa Manchester anakuhusu nini wewe mtoto wa Embu? Mmoja akasema hizo ni stori za jaba. Sawa. Wacha tuongee basi, na mtanisikiza hadi mwisho.

Sina shida na mtu ambaye hakumjua Mani. Kinachoniuma ni kwamba mji mzima ulisimama kumlilia mpiga besi, si mwimbaji, si mtu wa solo, mpiga besi, na mimi nikajiuliza sisi tungemlilia nani. Tuna benga ya miaka sitini nyuma yetu. Tuna mugithi kila Ijumaa. Tunajiita watu wa kucheza, na kiuno kinachezeshwa na besi. Nitajie wapiga besi watatu wa Kenya. Nakupa dakika moja. Nitajie mmoja wa Meru. Mmoja wa Embu.

Mnaona?

Sasa wacha niwaeleze hao watu wa Manchester walikuwa nani, kwa sababu kuna kitu kwa hiyo stori kinatuhusu moja kwa moja. Manchester si London. Ni mji wa viwanda, mji wa pamba na mvua, na kufika miaka ya themanini viwanda vingi vilikuwa vimefungwa na vijana walikaa tu bila kazi. Pesa, magazeti makubwa na televisheni vilikuwa kusini, London. Kaskazini walichekwa vile wanaongea, kama vile sisi tukifika Nairobi tunachekwa vile tunasema "r" na "l" na vile Mmeru akiongea watu wanafikiri amekasirika. Lakini hao vijana wa kaskazini walikuwa na kitu chao. Miaka ya sabini walikuwa wanasafiri usiku hadi kumbi kama Wigan Casino kucheza muziki wa watu weusi wa Marekani hadi asubuhi, tena si ule uliovuma, zile rekodi ambazo Marekani kwenyewe zilikuwa zimekosa soko. Walizitafuta, wakazijua kwa jina, nani ameimba, zimetoka kampuni gani. Halafu 1982 klabu ya Haçienda ikafunguliwa Manchester, na miaka michache baadaye muziki wa house wa Chicago ukaingia humo.

Kina Mani walikulia katikati ya hayo yote. Walikuwa bendi ya magitaa, lakini walitaka watu wacheze, si kusimama mikono mfukoni wakitikisa kichwa. Na ukitaka watu wacheze kwa bendi ya magitaa, kazi yote inamwangukia mtu wa besi. Mani aliingia Stone Roses 1987, na watu waliowajua kabla na baada wanasema bendi ilibadilika akiingia. Skiza "I Wanna Be Adored", wimbo wa kwanza wa albamu ya kwanza. Kuna makelele ya mbali, halafu kitu cha kwanza cha maana kuingia ni besi. Peke yake. Haina haraka. Gitaa la John Squire linakuja baadaye kama mgeni aliyekaribishwa. Halafu uende "Fools Gold", ya Novemba 1989, karibu dakika kumi nzima. Hapo Mani anazunguka na mstari mmoja wa besi, anarudi, anarudi, anarudi tena, na wewe huchoki. Jaribu kuiskiza kwa spika za simu hutaskia kitu, itabaki sauti nyembamba ya kunong'ona. Tafuta spika yenye tumbo. Kuna mugithi mwingi sana umejengwa hivyohivyo, mstari mmoja unaozunguka hadi mtu anasahau amekuja na viatu gani.

Tarehe 27 Mei 1990 walipiga tamasha Spike Island, mahali pembeni ya viwanda vya kemikali huko Widnes, na zaidi ya watu 27,000 wakaja. Wengi waliokuwa huko wanakubali sauti ilikuwa mbaya, upepo uliibeba. Lakini hadi leo mzee wa miaka sitini wa kaskazini mwa Uingereza atakwambia alikuwa Spike Island vile babu yako anakwambia aliona Uhuru. Bendi ilivunjika 1996, Mani akaenda Primal Scream akakaa huko hadi Stone Roses waliporudiana 2011. Alipokufa, Liam Gallagher wa Oasis, ambaye amesema mara nyingi kwamba kuwaona Stone Roses ndiko kulimfanya atake kuwa kwa bendi, alimlilia hadharani. Ibada ya mazishi ilikuwa Manchester Cathedral mwezi wa Desemba, na mashabiki wakasimama nje kwenye baridi.

Na hakuwa wa kwanza. Paul Ryder, mpiga besi wa Happy Mondays, alikufa Julai 2022. Andy Rourke, wa The Smiths, Mei 2023. Hao watatu ndio walikuwa chini ya karibu kila kitu Manchester ilicheza miaka hiyo, na wote watatu walipokufa watu wa kawaida, makondakta wa basi, walimu, mafundi wa mabomba, waliweza kukuambia ni wimbo gani na ni sekunde ya ngapi besi inafanya kile kitu. Hicho ndicho kinanipa wivu. Cathedral siitaki. Naitaka hiyo ya sekunde ya ngapi.

Rudi nyumbani sasa.

Benga ilitoka Nyanza, kwa Wajaluo, ikapita River Road, Nairobi, ikashika Wakamba, Wakikuyu, ikapanda hadi kwetu Embu na Meru. Na kitu kimoja kinachotofautisha benga na muziki mwingine ni besi yake. Haikai kwa noti moja ikingoja zamu. Inaruka, inabishana na solo, inaacha shimo mahali ulikuwa unangoja kitu halafu inajaza mahali hukungoja. Wazazi wetu wamelelewa na hiyo sauti. Sasa uliza nyumbani. Nani aliimba? Watakuambia mara moja: Queen Jane, aliyefariki 2010. Joseph Kamaru, 2018. John De'Mathew, aliyekufa kwa ajali ya barabarani Agosti 2019. D.O. Misiani wa Shirati Jazz, naye barabarani, 2006. Wanajua hadi walizikwa siku gani. Halafu uliza, kwa ule wimbo wa Queen Jane unaoupenda mama, nani alipiga besi? Kimya. Mama atakuangalia kama umemuuliza jina la fundi aliyeshona nguo ya arusi yake. Na hata hilo pengine analijua.

Kuna wimbo mmoja ambao kila mtu Kenya anaujua, hata wewe wa miaka kumi na sita. "Sina Makosa", Les Wanyika, 1979. Hakuna arusi, hakuna sherehe ya kulipa mahari, hakuna baa yenye wazee kutoka Nkubu hadi Runyenjes ambayo haijapiga huo wimbo. Sasa niambie ukweli, ukianza tu, kabla mtu hajafungua mdomo, unaujua kwa nini? Ile besi. Ile besi inaongea kama mtu anayejitetea kwa chifu, inasema, inanyamaza, inasema tena. Watu wakilewa hawaimbi maneno, wanaimba besi. Kwa midomo! Nimeona mzee wa miaka sabini akiiimba besi ya "Sina Makosa" na mikono yake yote miwili. Basi jina la aliyeipiga ni Tom Malanga. Solo ni John Ngereza, rithimu ni Omari Shabani "Profesa", ngoma ni Rashid Juma. Vijana waliotoka Tanzania wakaja kufanyia Nairobi, wengi wao wakatoka Simba Wanyika 1978 wakaanzisha chao. Besi maarufu kuliko zote Afrika Mashariki, naweza kubishana na mtu yeyote juu ya hilo, na nimeuliza ma-DJ kadhaa wa hapa Embu jina la Malanga na hakuna aliyelijua. Hao ni watu wanaolipwa kuicheza!

Mwaka jana nilienda mazishi upande wa Runyenjes, anko wa rafiki yangu. Nikapewa kile kijitabu cha programu, chenye picha ya marehemu na suti. Kilisema alikuwa mkulima wa majani chai, mwanachama wa kikundi cha akiba, mzee wa kanisa, baba wa watoto watano. Vyote ni kweli. Lakini rafiki yangu alikuwa ameniambia, na shangazi zake wakakubali, kwamba huyo mzee miaka ya themanini alikuwa anapiga besi Nairobi, alikuwa anaitwa studio za River Road kurekodi na bendi tofauti tofauti, analipwa siku hiyohiyo na kwenda zake. Nikauliza ni nyimbo gani. Shangazi mmoja akasema nyingi. Mwingine akasema kuna moja ilikuwa inapigwa sana redioni. Ipi? Wakaangaliana. Kwa santuri lilikuwa jina la mwimbaji na jina la bendi, basi. Mzee mwenyewe hakuwa anapenda kuongelea hayo mambo, walisema, kwa sababu aliokoka. Gitaa lenyewe liliuzwa zamani kulipa karo.

Kwa hivyo kuna wimbo mahali, pengine uko YouTube sasa hivi, pengine Wimwaro FM au Muuga FM waliupiga asubuhi, na vidole vya huyo mzee viko ndani yake, na hakuna binadamu aliye hai anayeweza kukuonyesha ni upi. Amezikwa mara mbili. Na msiniambie ni zamani ndio sababu. Ni kwa sababu hakuna aliyeuliza wakati alikuwa hai na ana chai mkononi na muda wa kuongea.

Haya, tuje kwa mugithi, na najua hapa mtanitukana. Mugithi ni treni, mnajua, watu wanashikana viuno wanazunguka baa. Naipenda. Nimeshikana viuno na watu siwajui. Lakini tuseme ukweli kuhusu kilichofanyika. Tulikuwa na bendi za watu watano, sita. Halafu ikaja mtu mmoja na gitaa, na nyuma yake kinanda au laptopu. Solo bado ni mtu. Sauti bado ni mtu. Ngoma na besi ndizo zilizofutwa kazi kwanza, zikawekwa ndani ya mashine. Mwenye baa akafurahi, kwa sababu analipa mtu mmoja, chupa mbili na nauli. Rafiki yangu na bendi yake ya vijana wanne walienda kuomba usiku wa Jumamosi kwa baa moja Makutano, mwenye baa akawaskiza vizuri, akawapenda hata, halafu akasema: rudini mmoja wenu na laptopu. Mmoja wenu! Kama vile bendi ni ng'ombe unachinja unachagua paja.

Na skiza hiyo besi ya mashine. Iko sawa kabisa, haikosei, na hapo ndipo imekosa. Haijui kwamba saa hii watu wamechoka wanataka kupumzishwa. Haioni yule mama kwa kona ameinuka. Mpiga besi wa kweli anaona, anavuta kidogo nyuma ya ngoma, anaacha noti moja isikike kuliko kawaida, na chumba chote kinashuka pamoja. Mashine itakupigia hivyohivyo ukiwa umejaza baa na ukiwa mlevi mmoja amelala kwa meza. "Fools Gold" yenyewe, ngoma zake zimejengwa juu ya kipande cha ngoma kilichorudiwa na mashine, na bado walimwacha Mani juu yake, mtu, na mkono wake. Si ati nachukia mashine. Nakataa mashine kuwa sababu ya kumtoa mtu.

Mtu ataniambia uchumi. Naujua uchumi, mimi pia nakula kwa hiyo simu, na mwezi mwingine hainilishi. Mwenye baa ana leseni ya kulipa, ana askari wa kusalimia, bia imepanda. Siwezi kumwambia aajiri watu sita. Lakini uchumi haukukataza kujua jina. Kutaja jina ni bure. Ukiweka video ya bendi TikTok unaandika jina la mwimbaji, unamtaja hadi mpishi wa nyama choma, mpiga besi yuko nusu ya picha amekatwa kichwa. Hiyo ni uchumi gani?

Na jina ndilo linaleta pesa, msifikiri ni heshima tu naongelea. The Smiths walipokuwa wakigawana, Morrissey na Johnny Marr walichukua asilimia 40 kila mmoja. Andy Rourke wa besi na Mike Joyce wa ngoma wakapata 10, 10. Sikumaliza chuo lakini hiyo hesabu naielewa. Rourke alikuwa na madeni, akakubali 1989 kulipwa pauni 83,000 na kuendelea na hiyo 10 yake. Joyce akakataa, akaenda kortini, na 1996 akashinda robo nzima. Angalia basi: hao wawili walikuwa wanajulikana kwa jina, kwa picha, kwa kila albamu, na bado ilibidi waende kubishania. Sasa yule mzee wa Runyenjes asiye na jina kwa santuri angebishania nini? Hapa Kenya PRISK iliundwa kwa ajili ya haki za wale waliopiga na kuimba, si watunzi peke yao. Kwa karatasi mpiga besi ana haki. Lakini uende uwaambie nini kama hakuna mahali imeandikwa ulikuwa studio siku hiyo? Vijana wenzangu mnaorekodi kwa vyumba vya kulala huko Nkubu, Chuka na Embu, mnafanya kitu kilekile na kompyuta badala ya kanda. Jamaa anakuja anawekea besi nyimbo tatu, anapewa mia tano na chapati, wimbo unapandishwa na jina la msanii na la prodyuza. Mnamlaumu River Road kwa nini?

Kuna mahali besi haijafa, na vijana wa baa hawapajui kwa sababu Jumapili asubuhi wamelala. Kanisani. Wapiga besi wakali zaidi wa Meru na Embu sasa hivi wako kanisani, wana miaka kumi na tisa, ishirini, wamesimama nyuma ya waimbaji na macho yamefungwa. Kuna mmoja nimemuona Embu, sitasema wapi, alibadilisha wimbo wa kusifu ambao nimeusikia tangu niko shule ya watoto, nikausikia kama mpya. Anakwenda mazoezi Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Analipwa nauli, na kuna wiki nauli hiyo inakuwa ni maombi. Besi si yake, ni ya kanisa, inafungiwa kabatini na ufunguo uko na mzee mmoja. Pasta anamshukuru mwimbaji kwa jina, anashukuru wa mitambo, wa maua, waliopika. Wa besi anaitwa "na vijana wetu wa vyombo". Makofi kwao.

Na huyu kijana akija baa kutafuta pesa, kanisa linamfukuza. Akibaki kanisani, baa ina laptopu. Mwambie basi aende wapi na hivyo vidole.

Kwa hivyo mkiniuliza mzungu wa Manchester ananihusu nini, ndio hivyo. Alitoka mji usio mji mkuu, kwa watu wanaochekwa lafudhi, akasimama nyuma kidogo ya mwimbaji na gitaa lililorushiwa rangi rangi, na watu wake wakamjua. Hawakungoja London iwaambie ni mkubwa. Sisi tunangoja Nairobi ituambie, na Nairobi nayo inangoja Marekani.

Siwaombi mlilie Mani. Naomba kitu kidogo sana. Jumapili hii, kama uko kanisani Meru, Embu, Chuka, popote, angalia yule anayesimama karibu na ngoma na gitaa la nyuzi nne. Ibada ikiisha usikimbilie chai. Muulize jina, majina yote mawili, na amejifunzia wapi. Ukiwa na mzee nyumbani aliyewahi kupiga bendi, muulize leo, washa simu urekodi, mchezee nyimbo za zamani YouTube mmoja mmoja hadi aseme huo, huo ni mimi. Muulize ni sekunde ya ngapi. Mpiga besi mwenyewe akikubali, andika jina lake hapa chini kwa maoni, na wimbo. Nitakuwa nayaposti kila Ijumaa jioni, saa ile mugithi unaanza. Mimi nishapata manne, moja ni la dada wa miaka kumi na nane kutoka Maua, na subirini mumsikie.